Kutambua Kinoo Kisicho na Alama na Kukipangia Kazi Yake

Kinoo kisicho na jina humfikia mtu wa Unguja au Pemba kwa njia zinazojulikana. Hurithiwa ndani ya sanduku la vifaa vya seremala aliyetangulia mbele ya haki, huokotwa katika mzigo wa vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya, au hubaki kwenye rafu ya duka hadi karatasi yake ikabanduka pamoja na namba zake. Kwa kawaida swali la kwanza huwa ni jina: kinaitwaje na kimetoka wapi? Jina lina faida yake, lakini aliye na kazi ya kufanya anahitaji kwanza kujua mambo matatu, nayo ni mikwaruzo ambayo kinoo kinaacha juu ya chuma, kimiminika kinachokifaa, na hali ya uso wake. Mambo hayo yakijulikana, kinoo kinaweza kupangiwa kazi hata kama asili yake haitajulikana kamwe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na unaweka mbele majaribio yasiyoharibu kitu, kwa kuwa jiwe zuri la kale likiharibika halirudi.

Yafaa kuondoa dhana moja mwanzoni. Jiwe linalopatikana kwa wingi katika visiwa vyetu, lile la matumbawe ambalo limejenga kuta za Mji Mkongwe na kuchomwa chokaa kwa karne nyingi, ni la jamii ya kalisi, na ugumu wake katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, ni 3 au 4 tu. Chuma cha patasi kilichofanywa kigumu vizuri hufikia 6 au kuzidi. Kitu laini hakiwezi kukata kitu kigumu kuliko chenyewe, kwa hiyo jiwe la pwani linaweza kusugua kutu lakini haliwezi kutoa makali. Kinoo chochote kinachokula chuma kweli kweli, iwe ni cha kuchimbwa au cha kiwandani, kimeingia hapa kwa chombo.

Hatua ya kwanza: kukisafisha bila kukidhuru

Kinoo kilichokaa miaka mingi huwa kimejaa mafuta yaliyoganda, vumbi na unga wa chuma, na katika hali hiyo rangi, uzito na mguso wake vyote vinadanganya. Kiweke juu ya karatasi nyeupe juani kwa saa chache. Ikiwa karatasi itapata madoa ya mafuta, utakuwa umejua tayari kwamba mwenyewe wa zamani alikuwa akitumia mafuta na si maji, na hiyo ni habari ya thamani ambayo yafaa kuandikwa kabla ya kuifuta.

Kwa kinoo chenye mafuta, tumia chombo cha plastiki au bati chenye mfuniko, mimina mafuta ya taa hadi yafunike jiwe, na kiache usiku mmoja nje ya nyumba, mbali na jiko na mbali na watoto. Asubuhi kisugue kwa burashi ngumu ya nailoni, kisha kwa sabuni ya maji, ukisuuze na kukiacha kivulini kikauke. Kikiendelea kutoa maji meusi, rudia. Kwa kinoo kikavu kisicho na dalili ya mafuta, sabuni na burashi vinatosha.

Usikichemshe, kwa sababu vinoo vingi vya pande mbili vimeunganishwa kwa gundi na huweza kuachana, na mawe ya asili yenye matabaka huweza kupasuka. Usikisafishe kwa spiriti, kwani baadhi ya vinoo vya zamani vya kiwandani vilishikizwa kwa gundi inayoyeyuka ndani yake. Usikiache ndani ya maji usiku kucha kabla ya kukijua, maana viko vinoo vya kisasa vya maji ambavyo hushikizwa kwa magnesia, na hivyo hulainika na kupata nyufa vikiloweshwa muda mrefu. Ikiwa kimekuja na kisanduku chake cha mbao, kihifadhi na ukikague ndani na chini, kwa kuwa mara nyingi alama iliyofutika kwenye jiwe imebaki kwenye mbao.

Hatua ya pili: kukitazama

Kitazame juani kikiwa kikavu, kisha kiloweshe na ukitazame tena, kwa sababu maji huonyesha mistari na madoa ambayo jiwe kavu huyaficha.

Rangi nyeusi au ya kijivu iliyokolea, yenye chembe zinazometameta kila unapogeuza jiwe, ni dalili ya silikoni kabidi, kitu kilichotengenezwa Marekani na Edward Goodrich Acheson mwaka 1891 na ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la Carborundum. Rangi ya kahawia au ya chungwa, isiyo na mng'aro huo, mara nyingi ni oksidi ya alumini. Ndiyo rangi ya vile vinoo vya kampuni ya Norton vinavyouzwa kwa jina la India, ambavyo hujazwa mafuta kiwandani kabla ya kuuzwa. Nyeupe tupu, nzito na laini mno kwa mguso, isiyonyonya tone la maji, huenda ikawa ni kauri. Vinoo vya pande mbili vinavyouzwa kwa wingi madukani kwetu, upande mmoja wa chembe kubwa na mwingine wa chembe ndogo, karibu vyote ni vya kiwandani.

Jiwe la asili halina usawa wa namna hiyo. Novakulaiti ya Arkansas, nchini Marekani, jiwe ambalo karibu lote ni kwatsi, yaani madini magumu ya silika, huwa nyeupe, kijivu, nyeusi au yenye mawingu ya rangi mbili, na pale ilipomeguka utaona mmeguko laini wenye mawimbi, kama wa chupa iliyovunjika. Ile iliyo safi zaidi hupitisha mwanga: iweke tochi nyuma ya ukingo wake katika chumba chenye giza na utaona mwanga hafifu unapenya milimita kadhaa. Sleti huwa ya kijivu, ya kijani au ya zambarau iliyofifia, na hubanduka kwa vipande bapa. Jiwe la rangi ya maziwa au manjano iliyopauka, lililoungana na jiwe jingine jeusi au la buluu, huenda likawa koticule ya Ubelgiji, ambayo makali yake yanatokana na chembe ndogo za madini magumu yaitwayo garneti. Jiwe hili linapaswa kukufanya uwe mwangalifu kabla ya kuhukumu kwamba kila kinoo cha rangi mbili ni cha kiwandani.

Vipimo vya nje havisaidii sana. Urefu wa inchi 8, upana wa inchi 2 na unene wa inchi 1 ulikuwa wa kawaida kwa vinoo vya karakana vya kila aina. Umbo linasema zaidi: kinoo chenye kingo zilizoviringwa kilikusudiwa patasi zilizopinda, na kile kirefu kilichochongoka ncha zote mbili kilikuwa cha mundu na fyekeo.

Hatua ya tatu: majaribio madogo

Dondosha tone la maji juu ya uso ulio safi. Likinyonywa papo hapo na kutoa vipovu vidogo, jiwe lina matundu mengi, na huenda ni la kiwandani la kutumika na maji au la chembe kubwa. Likikaa juu kwa dakika kadhaa, jiwe ni zito na limeshikamana, kama novakulaiti ngumu, sleti au kauri, au bado lina mafuta ndani na linahitaji kurudishwa kwenye hatua ya kwanza.

Kamua matone mawili ya ndimu pembeni, mahali pasipotumika kunolea. Yakifanya vipovu, una jiwe la chokaa mkononi, na kazi yake inaishia hapo. Baada ya jaribio hili lisuuze jiwe vizuri.

Chukua msumari wa chuma na ukwaruze ubavuni. Msumari ukiacha mstari wa kijivu unaong'aa, jiwe ni gumu kuliko msumari na limekula chuma. Ukichimba mfereji wenye unga wa rangi ya jiwe, jiwe ni laini, na kama si chokaa basi laelekea kuwa sleti. Sleti si jiwe baya kwa sababu hiyo, kwani ndani yake mna chembe ndogo sana za kwatsi ambazo hukata polepole na kwa ulaini.

Aliye na mizani ya jikoni ya dijitali anaweza kupima msongamano. Pima jiwe likiwa kavu na uandike gramu zake. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini wala kando. Gramu zitakazoongezeka ni sawa na sentimita za ujazo wa jiwe. Jiwe la gramu 500 likiongeza gramu 200, msongamano wake ni 2.5. Kwatsi tupu ina 2.65, kwa hiyo novakulaiti haiwezi kuzidi hapo. Iliyo laini ina takriban 2.2 au 2.3, na ile ngumu inayopitisha mwanga hupita 2.5. Sleti huwa karibu 2.7 au 2.8, na koticule huwa nzito zaidi kwa sababu ya garneti. Vinoo vya kiwandani haviamuliki kwa namba hii peke yake, kwa kuwa chembe zake ni nzito lakini kati yake mna hewa, na jiwe linalonyonya maji lazima kwanza lishibe ndipo lizamishwe.

Hatua ya nne: kuuliza chuma

Hii ndiyo hatua inayoamua, na inastahili subira kuliko zote zilizotangulia. Tafuta patasi ya zamani au jino la randa ambalo mgongo wake ni bapa. Nunua vipande vya msasa wa maji wenye namba zilizoandikwa nyuma, kwa mfano 120, 240, 400, 1000 na 2000, ambavyo hupatikana katika maduka ya rangi na kwa mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Bandika kipande kimoja kimoja juu ya kioo kinene, lowesha, na usugue mgongo wa patasi kwa mwelekeo mmoja hadi mikwaruzo ya awali itoweke, ukianza na namba ndogo, ambayo ndiyo yenye chembe kubwa. Kwa kila namba tazama chuma chini ya mwanga wa pembeni, ikiwezekana kwa lenzi ya sonara, hadi jicho lako lizoee kila mkwaruzo unavyoonekana. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri, piga picha kupitia lenzi hiyo ili uweze kulinganisha.

Sasa fanya vivyo hivyo juu ya kinoo, upande mmoja kwanza na kisha upande wa pili, ukitumia maji yenye tone la sabuni, ambayo hayadhuru aina yoyote ya jiwe kwa muda mfupi. Sugua kwa mwelekeo unaokatiza ule wa msasa, ili mikwaruzo mipya isichanganyike na ya zamani. Kisha linganisha. Namba za msasa na namba za vinoo hazifuati kipimo kimoja, kwa hiyo usiandike kwamba kinoo chako ni namba 1000 kwa kuwa tu kimefanana na msasa wa 1000. Andika kwamba kinafanya kazi kama msasa huo. Kwa fundi, maelezo hayo yana ukweli zaidi kuliko namba iliyobuniwa.

Unaposugua, angalia mambo mengine matatu. La kwanza ni kasi: kinoo cha chembe kubwa hufanya maji yawe meusi katika misuguo michache, na kile cha kumalizia huchukua muda. La pili ni rangi ya tope. Likiwa jeusi tupu, chuma ndicho kinachotoka na jiwe limeshikamana. Likiwa na rangi ya jiwe lenyewe, jiwe linaachia chembe zake, ambayo ndiyo tabia ya vinoo vya maji, na kinoo cha namna hiyo hukata haraka lakini hubonyea upesi. La tatu ni usawa wa mikwaruzo. Ikiwa katikati ya mikwaruzo midogo inatokea mmoja mrefu na mzito, kuna chembe ngeni imenasa usoni. Osha, sugua tena, na mkwaruzo huo ukirudi mahali pale pale, jiwe lina kasoro na lisitumiwe kwa makali ya mwisho.

Kuchagua kimiminika na kunyoosha uso

Kinoo kilichoonyesha mafuta kwenye karatasi na kisichoachia tope lake kiendelee na mafuta. Mafuta yanayofaa ni mepesi ya madini, na ya cherehani yanapatikana kila mahali. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani hukauka yakanata na kuziba matundu ya jiwe. Mafuta ya nazi, ambayo wengi wetu tunayo karibu, yana tatizo la ziada la kuganda yakipoa chini ya nyuzi joto 24 hivi, jambo linaloweza kutokea usiku wa kipupwe, na hatimaye huchacha. Kinoo kinachonyonya maji na kutoa tope kitumiwe na maji baridi tu. Maji ya bahari yasitumike kwa kinoo chochote, hata na fundi anayefanya kazi ufukweni, kwa kuwa chumvi hubaki ndani ya jiwe na kutia kutu kila makali yatakayopita juu yake.

Ili kujua kama uso umebonyea, simamisha rula ya chuma juu yake na utazame mwanga upande wa pili, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kinoo cha panga kinaweza kubaki na bonde kidogo. Kinoo cha randa hakiwezi, kwa sababu bonde la jiwe huhamia kwenye makali na kuyafanya yawe ya upinde. Chora mistari ya penseli juu ya uso wote, kisha sugua jiwe kwenye msasa wa namba 120 uliobandikwa juu ya kioo hadi mistari yote ifutike. Kwa jiwe gumu lililoliwa sana, tumia dawa ya kusagia vali inayouzwa kwa makanika, ambayo mara nyingi ni silikoni kabidi. Usijaribu mchanga mweupe wa pwani, kwani sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, nao utaisha kabla jiwe halijaguswa. Kazi hii ifanywe kwa maji mengi daima. Vumbi kavu la novakulaiti na sleti lina silika, na silika ikivutwa huharibu mapafu.

Kukipangia kazi

Kinoo kinachofanya kazi kama msasa wa 120 hadi 240 ni cha panga, jembe, shoka na kisu kilichomeguka. Hapa upole hauhitajiki, na kinoo cheusi cha kiwandani kinatosha kabisa.

Kinachofanana na 400 hadi 1000 ndicho kinoo cha nyumba, na kama mtu ataweka kimoja tu, kiwe hicho. Kisu cha samaki kilichonolewa hapo hubaki na meno madogo yasiyoonekana ambayo hushika ngozi ya changu au nyanya iliyoiva, ilhali kisu kilichong'arishwa kupita kiasi huteleza juu yake. Mafundi wa majahazi wa Nungwi na kwingineko, wanaotumia tezo siku nzima, hufaidika zaidi na kipande kidogo cha kiwango hiki kinachoshikika mkononi, kwa kuwa ni rahisi kupitisha jiwe juu ya tezo kuliko kupitisha tezo juu ya jiwe.

Kuanzia 1000 hadi 2000 tunaingia kwenye patasi na randa. Mchonga nakshi wa milango ana haja kubwa hapa. Msaji, pamoja na uzuri wake, una silika ndani ya mbao zake na humaliza makali upesi, hivyo fundi hulazimika kurudi kwenye kinoo mara nyingi kabla ua moja halijakamilika. Novakulaiti iliyo laini kiasi inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu haibonyei upesi na patasi nyembamba haichimbi mfereji ndani yake. Kinoo cha maji kilicho laini kikitumiwa kwa patasi za nusu inchi kitajaa mifereji mapema. Kotama ya mgema nayo ninaiweka katika kundi hili, ingawa wengi huinoa kwa kinoo cha panga: inakata ubale mwembamba wa karara, na mkato uliopondeka hauwezi kutiririsha vizuri kama mkato safi.

Jiwe linalozidi hapo kwa udogo wa mikwaruzo yake, likiacha chuma kinachoakisi uso wa mtu, ni la kumalizia tu, baada ya kinoo kingine kutangulia. Novakulaiti inayopitisha mwanga, sleti safi na koticule ni za hapa, kwa nyembe za kinyozi na kwa patasi za nakshi ndogo. Mawe haya ni adimu, na kuyanolea panga ni kuyapoteza.

Misumeno na meno ya mbuzi ya nazi si kazi ya kinoo chochote. Hayo yanahitaji tupa.

Baada ya uamuzi, andika ubavuni mwa jiwe kwa rangi isiyofutika mambo mawili: kimiminika chake na namba ya msasa kinaofanana nao kwa kila upande, kwa mfano «mafuta, 240 na 600». Kinoo cha mafuta kiwekwe ndani ya kisanduku chenye mfuniko ili vumbi la mbao lisinate juu yake. Kinoo cha maji kikaushwe kivulini kwa kusimamishwa kwa ubavu, kisianikwe juani, na kisifungwe ndani ya plastiki kabla hakijakauka, hasa wakati wa masika, kwani ukungu huota humo katika siku chache.